Nani ana chombo, nani ana bendera: kisa cha kikundi cha Mombasa kilichotaka kurusha setilaiti

Majina, viwango vya pesa na nchi ya wakala nimeviondoa. Wahusika nimewaita kwa kazi zao.

Usuli

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 15 Aprili 2023, watu watano walisongamana nyuma ya duka la vipuri katika Mji wa Kale, Mombasa, wakitazama simu moja. Ilikuwa Ramadhani, kwa hivyo hapakuwa na kahawa. Kenya ilikuwa ikirusha Taifa-1, na safari yenyewe ilikuwa imeahirishwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya hali ya hewa huko California. Saa tatu na dakika 48 kwa saa zetu, roketi ya Falcon 9 ikaondoka Vandenberg ikiwa na setilaiti za watu wengi tumboni, ya Kenya ikiwa mojawapo. Mwenye duka, nitakayemwita Mzee, akasema maneno yaliyozaa kisa hiki: "Kumbe yetu imepanda chombo cha wenyewe? Basi hata sisi twaweza."

Watano hao ni hawa. Mzee huuza vipuri vya mashine za boti, na ndiye aliyekuwa na mfuko. Mwalimu hufundisha elektroniki, na ndiye aliyeongoza. Bi Fundi, mwanafunzi wake wa zamani, aliandika programu na kuunganisha saketi. Mwenyekiti aliwasemea wavuvi wa ufuo mmoja ng'ambo ya Likoni. Wa tano ni Fundi Redio, mtu wa makamo aliyetengeneza redio za meli Kilindini miaka mingi, ambaye kila kikao aliketi karibu na mlango na kusema machache. Mkumbukeni huyo.

Haja yao ilikuwa ya kweli. Wakati wa kaskazi, bahari inapotulia, boti hupita mwamba na kwenda mbali kufuata jodari. Huko mtandao wa simu hufa. Mpwa wa Mzee aliwahi kufiwa na mashine, mkondo ukamchukua siku mbili kabla ya kuonekana. Wazo la kikundi lilikuwa kuunda kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, aina ambayo maprofesa wawili wa California, Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, waliiwekea vipimo mwaka 1999 ili wanafunzi waweze kujenga setilaiti bila kufilisi chuo. Kijisanduku kingepokea ujumbe mfupi kutoka botini na kuushusha Mombasa, na kila boti ingelipa ada ndogo kwa mwezi. Ada hiyo ndogo ilikuja kuwa mwiba.

Mimi niliingia mwezi wa nane wa mradi, nilipoletewa mkataba niusome. Yaliyotangulia nimeyapata katika daftari la vikao, ambalo Bi Fundi aliliandika kwa uaminifu hata pale lilipomwaibisha.

Miezi mitatu ya Ngomeni

Kilichowala muda kwanza ni fahari. Mpwani gani hajasikia habari za majukwaa ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi? Kuanzia San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967, hadi Machi 1988, setilaiti tisa zilirushwa kutoka pale baharini. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Mwenyekiti alikulia upande huo, na kikao cha pili chote kilimwendea yeye akisimulia.

Mwalimu naye alileta hesabu. Dunia inajizungusha, na kwenye ikweta ardhi hukimbia kuelekea mashariki mita 465 hivi kwa sekunde. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka Ngomeni hupewa mwendo huo bure. Hesabu ilikuwa sahihi. Kikundi kikaandika barua mbili, kikafunga safari kwenda kuyaona majukwaa kwa mbali, kikarudi na picha.

Kilichokosekana kilikuwa roketi. Zile tisa zilipanda Scout, roketi ya Marekani iliyokwisha kustaafu. Majukwaa na wataalamu, chini ya Profesa Luigi Broglio, walikuwa wa Italia. Kenya ilitoa bahari. Setilaiti ya Uhuru yenyewe ilikuwa ya Wamarekani, na chetu humo kilikuwa jina. Kikundi kilipolielewa hilo, miezi mitatu ilikuwa imekwisha, na ndipo likaulizwa swali lililopaswa kuulizwa siku ya kwanza: ni nani hasa awezaye kurusha?

Wenye roketi zao wanahesabika. Urusi ya Kisovieti ilianza mwaka 1957, Marekani ikafuata 1958, Ufaransa 1965, Japani na China 1970, Uingereza 1971, India 1980, Israeli 1988, Iran 2009, Korea Kaskazini 2012, na Korea Kusini kwa roketi iliyoiunda yenyewe 2022. Nchi za Ulaya hurusha kwa pamoja, na New Zealand ina kiwanja ambacho kampuni ya Rocket Lab hurushia. Uingereza ilifika mara moja tu kwa roketi yake, tena baada ya serikali kuwa imekwisha kuufuta mradi. Tangu hapo hulipa nauli kama wengine. Barani Afrika hakuna nchi iliyofikisha setilaiti kwa roketi yake, ingawa ile ya kwanza ya Ufaransa iliondokea Hammaguir, jangwani Algeria. Kwa hivyo kupanda chombo cha wenyewe si aibu. Kenya ilikwisha kufanya hivyo kabla ya Taifa-1: mwaka 2018 kijisanduku cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilisukumwa nje kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani unaozipa nchi zinazoendelea nafasi hiyo bila nauli.

Jiwe la Mzee

Mzee hakutaka kutoa pesa kwa jambo asilolielewa, na hapa nampongeza Mwalimu. Alimpeleka Ngome ya Yesu, akamwambia awaze anatupa jiwe baharini kutoka ukutani. Ukilitupa kwa nguvu zaidi, linaangukia mbali zaidi. Lau ungeweza kulitupa kilomita karibu nane kwa sekunde, na hewa isilizuie, lingeendelea kuanguka lakini dunia nayo ingekuwa inajipinda chini yake kwa kadiri ile ile, lisiifikie kamwe. Huko ndiko kuzunguka. Kupanda juu ni sehemu ndogo ya kazi. Gharama kubwa iko katika mwendo wa kwenda pembeni. Kwa mwendo huo, njia ya Mombasa hadi Nairobi ni kama dakika moja. (Mzee aliuliza kama kuna mizani njiani.)

Falcon 9 ina uzito wa tani 550 hivi inapoondoka, na karibu zote ni mafuta na oksijeni iliyopozwa mno ikawa kimiminika. Sehemu ya chini huwaka kama dakika mbili na nusu kisha hukatika. Sehemu ya juu huendelea, kile kichwa kinachofunika mizigo hufunguka na kutupwa mara hewa inapokuwa nyembamba, na kabla ya dakika kumi kutimia chombo kinazunguka. Baada ya hapo setilaiti hutolewa kwa zamu. Vijisanduku husafiri ndani ya makasha yenye springi. Mlango ukifunguka, springi husukuma.

Muda wote huo kijisanduku huwa kimezimwa kabisa. Swichi zilizobanwa na kuta za kasha huizuia betri, ili kisije kikawaka na kuvuruga setilaiti ya jirani iliyogharimu mabilioni. Kikishatoka husubiri angalau nusu saa kabla ya kufungua antena. Hapo Mwenyekiti alifurahi kuliko wote, kwa kuwa antena nyingi za vijisanduku ni utepe wa chuma kama ule wa seremala wa kupimia, uliokunjwa na kufungwa kwa uzi wa nailoni, aghalabu mshipi ule ule wa kuvulia. Waya mdogo hupashwa moto, mshipi hukatika, utepe hujinyoosha.

Arbuni

Katika mwezi wa tano kikundi kilimpata wakala wa ng'ambo. Mfanyabiashara yeyote wa Mombasa angeuelewa mpango wake: ni konteina ya kuchangia. Kampuni yenye roketi hutangaza safari, mawakala hununua nafasi kubwa, kisha huikatakata na kuwauzia wenye mizigo midogo. Mwaka huo SpaceX, kampuni yenye Falcon 9, ilikuwa ikitangaza dola 275,000 kwa kilo 50. Kijisanduku cha kikundi kilikuwa na uzito usiofika kilo mbili, kwa hivyo kwa wakala bei iliteremka hadi mahali ambapo Mzee, akishirikiana na ndugu zake wawili, angeweza kufika.

Wakala alitaka arbuni isiyorudi. Alisema nafasi zinakwisha, na huenda alisema kweli. Daftari linaonyesha kikao cha dakika arubaini, kura nne kwa sifuri, Fundi Redio akiwa kimya. Sababu iliyoandikwa ni hii: "Tukichelewa, safari ijayo ni mwakani." Pesa zikatumwa siku hiyo hiyo.

Wakati huo kikundi kilikuwa na kielelezo cha mezani kinachofanya kazi, na karatasi hakikuwa nazo. Mkataba, ambao Mwalimu aliusoma kurasa za mwanzo tu, ulimtaka mwenye mzigo alete kibali cha nchi yake, leseni ya masafa ya redio, maelezo ya namna na lini setilaiti itakavyoshuka na kuungua, na matokeo ya majaribio ya mtikisiko. Vyote vifike miezi kadhaa kabla ya safari. Roketi haingoji, na mzigo ambao karatasi zake hazijakamilika hubaki gatini.

Bendera

Nilipoitwa, kikundi kilikuwa kinatafuta njia ya kukwepa karatasi. Bi Fundi alikuwa amesikia kwamba nchi nyingine hazikagui sana. Niliwasimulia kisa cha kampuni changa ya Marekani, Swarm Technologies. Iliomba leseni ya setilaiti nne ndogo mno, ikanyimwa na tume ya mawasiliano ya nchi yake kwa hofu kwamba rada zisingeweza kuzifuatilia. Ikazirusha hata hivyo, Januari 2018, kwa roketi ya India. Mwisho wa mwaka ikakubali kulipa dola 900,000. Roketi ilikuwa ya India, lakini aliyewasaka alikuwa serikali yao wenyewe.

Mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. "Mwanangu, ni kama meli. Chombo chaweza kuundwa popote, mabaharia wawe wa popote, lakini bendera ni moja, na mwenye bendera ndiye anayeitwa likizuka jambo." Sikuweza kulisema vizuri zaidi. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unaibebesha kila nchi dhamana ya kile ambacho watu wake wanafanya huko juu, hata wakiwa watu binafsi, na kuitaka iwape kibali na iendelee kuwasimamia. Mkataba wa 1972 kuhusu fidia unaitaja kuwa mrushaji nchi yoyote kati ya hizi: inayorusha, inayoagiza kurushiwa, yenye ardhi iliyotumika, au yenye mitambo iliyotumika. Setilaiti ikianguka na kuharibu mali ya watu chini, nchi hizo hulipa bila kuulizwa kosa ni la nani. Mwaka 1978 Kosmos 954 ya Wasovieti, iliyokuwa na tanuri la nyuklia, iliangukia kaskazini mwa Kanada. Kanada ilidai dola milioni 6 za kwake, na mwaka 1981 Moscow ikakubali kulipa milioni 3. Serikali ndizo zilizokaa mezani.

Kwa hiyo watu watano nyuma ya duka la vipuri wakirusha kijisanduku, Kenya imerusha. Ndiyo maana nchi yenye kiwanja huukagua mzigo kabla haujapakiwa, na ndiyo maana hapa kwetu mlango wa kuanzia ni Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka 2017. Hawakuwa wamewahi kubisha hodi hapo.

Masafa yalikuwa na uchungu zaidi. Setilaiti isiyoweza kusema ni jiwe tu, na masafa ya redio hupitia Mamlaka ya Mawasiliano hadi kwa shirika la Umoja wa Mataifa linaloyapanga dunia nzima. Kikundi kilikuwa kimejenga redio yake kwa masafa ya waredio wa kujifurahisha, karibu na megahezi 435, kwa sababu vifaa vyake ni rahisi na vijisanduku vingi vya vyuo huyatumia. Masafa hayo hayaruhusu biashara. Ile ada ya kila mwezi ya boti iliifuta njia hiyo kwa kalamu moja. Kuhamia masafa ya biashara kulimaanisha redio mpya, maombi mapya na kungoja muda ambao hakuna aliyeweza kuwaambia kwa uhakika.

Alipozungumza Fundi Redio

Kikao cha mwisho kilikuwa baada ya Isha. Wakala alikuwa ametaka ada ya kusogeza tarehe. Mwalimu aliunga mkono kulipa: kazi imefika mbali, na tukiacha, arbuni imepotea bure. Mwenyekiti akauliza swali la kivuvi. Kijisanduku kimoja kikishakuwa juu, kitaipita Mombasa mara ngapi?

Bi Fundi alikuwa na jibu kwenye daftari tangu mwezi wa pili. Safari nyingi za kuchangia huelekea njia inayopita karibu na ncha za dunia, kilomita 500 na kitu juu. Kijisanduku kingezunguka mara 15 kwa siku, lakini dunia inageuka chini yake, kwa hiyo Mombasa ingekiona kama mara nne tu, mbili asubuhi na mbili usiku, takriban dakika kumi kila mara. Katikati kuna pengo la saa nyingi. Njia ya kuifuata ikweta ingekileta kila baada ya saa moja na dakika arubaini hivi, na hiyo ndiyo njia iliyopendeza kutoka Ngomeni. Konteina za kuchangia haziendi huko kwa kawaida.

"Na boti likizama saa nane mchana?" Mwenyekiti akauliza.

Ndipo Fundi Redio akasema, "Mzee, kwa idhini yako." Akatoa mfukoni kifaa cha rangi ya machungwa, kikubwa kama tochi. Meli zote alizozihudumia Kilindini zilikuwa na kama hicho. Ukikiwasha hulia kwa megahezi 406, na husikiwa na setilaiti za mpango wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Wasovieti, Marekani, Kanada na Ufaransa, na ambao umekuwa ukiokoa watu tangu 1982. Baadhi ya setilaiti hizo zimesimama juu ya ikweta, hazitoki. Kifaa hununuliwa na kusajiliwa, basi, ujumbe haulipiwi. Na kituo cha kuratibu uokoaji baharini cha ukanda huu kiko Mombasa humu humu, tangu 2006.

Mzee alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu, "Mlikuwa mwasema roketi."

Uamuzi na matokeo

Mzee alikataa kulipa ada ya kusogeza. Hoja yake, kama ilivyoandikwa: arbuni imekwenda, tusiipelekee mwenziwe. Sehemu ya pesa zilizobaki ilinunua vifaa vya 406 kwa boti kumi na moja zinazokwenda mbali zaidi, na Fundi Redio alisimamia usajili wa kila kimoja kwa jina la boti na nambari ya mtu wa nchi kavu. Hadi naandika, kimoja kimewashwa kwa makosa na mtoto, kituo kikapiga simu upesi, na nahodha akaaibika. Cha dharura ya kweli bado.

Ujumbe wa kawaida, wa aina ya "tumechelewa, tuwekeeni barafu", haukupata suluhisho. Vifaa vya kutuma maandishi kwa setilaiti za biashara vipo, ila ada yake ya mwezi wavuvi waliiona kubwa.

Mwalimu na Bi Fundi hawakuacha. Wameondoa ada na biashara yote, kijisanduku sasa ni cha kufundishia, na kwa hivyo masafa ya kujifurahisha yanaruhusiwa tena. Safari hii wamepeleka karatasi kwanza.

Uchambuzi

Kosa ambalo wengi hulitaja wakisikia kisa hiki ni arbuni. Mimi naliona dogo. Arbuni ilikuwa matokeo ya kupanga mambo kinyume: roketi kwanza, kibali na masafa baadaye, haja ya mvuvi mwisho kabisa. Katika kazi hii roketi ndiyo kitu pekee kinachouzwa dukani. Mwenye pesa na mzigo uliopimwa atapata nafasi. Kibali, masafa na njia inayofaa haviuzwi, na kila kimoja kingeweza kuusimamisha mradi kwa gharama ya barua tu, iwapo wangekianza katika miezi ile ya majukwaa.

Lililonitia mashaka zaidi ni jibu la Bi Fundi kuhusu mara nne kwa siku. Lilikuwa daftarini miezi mingi, hesabu sahihi, mwandiko mzuri. Halikusomwa kwa sababu hakuna kikao kilichoitwa kujadili mvuvi anahitaji nini. Vikao vyote viliitwa kujadili setilaiti inahitaji nini. Kimya cha Fundi Redio kina mzizi huo huo, na simlaumu peke yake. Katika kikao ambacho wasomi wanazungumza na mwenye pesa anasikiliza kwa hamu, fundi wa mtaani haingilii mpaka aulizwe. Mwalimu hakumuuliza. Nilipomuuliza Mwalimu sababu, alisema alimweka kwenye kikundi "kwa ajili ya antena".

Yaliyofanya kazi yapo. Kielelezo cha mezani kilitangulia, kwa hiyo hawakupoteza vifaa. Mzee alidai kuelewa kabla ya kulipa, na somo la ukuta wa Ngome likamfanya awe mtu wa kwanza kuielewa bendera. Aliacha katikati ya njia, jambo ambalo wafadhili wakubwa kuliko yeye hushindwa. Na daftari. Bila lile daftari nisingekuwa na cha kuchambua.

Kuhusu Ngomeni sikubaliani na wanaosema miezi ile ilipotea. Mwenyekiti aliposikia kuhusu njia ya ikweta, alikuwa tayari anajua kwa nini majukwaa yalijengwa karibu na ikweta, na swali lake la mara ngapi lilitoka huko.

Kijisanduku kwa sasa kiko dukani, juu ya kabati la vichujio vya mafuta, kimefunikwa kanga ili kisiingie vumbi. Wateja huuliza ni spea ya mashine gani. Mzee huwaambia bado haijafika bei.